Nyigu Aliyeokoa Kabichi za Taita

Kiwavi wa nondo wa kabichi hafiki hata sentimita moja na nusu, lakini wakijazana shambani huacha majani matundu matupu. Sumu zimeshindwa kummaliza kwa miongo mingi. Kufikia 1953, kisiwani Java, DDT ilikuwa haimwui tena, na dawa nyingi zilizofuata zimeishia hapohapo. Wakulima wa Kenya nao walipozidisha kupiga dawa, waliwaua pia wadudu waliokuwa wakimla.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kikaamua kumletea adui: nyigu mdogo aitwaye *Diadegma semiclausum*, aliyeagizwa kutoka Taiwan.

Kabla ya kumwachilia, watafiti walihesabu viwavi mashambani kwa zaidi ya mwaka mzima. Bila takwimu hizo, hakuna ambaye angeweza kutenganisha kazi ya nyigu na bahati ya mvua. Mwaka 2002 nyigu wakaachiliwa Wundanyi, kwenye milima ya Taita, na Limuru.

Jike humchoma kiwavi na kumwachia yai moja mwilini. Kiwavi haanguki papo hapo. Huendelea kula mpaka ajisokotee kifukofuko, na humo ndani buu la nyigu humaliza kazi. Kinachotoka ni nyigu mwingine. Kwa hiyo mkulima anayetazamia shamba kusafika kesho yake atakata tamaa bure, maana nafuu huonekana katika vizazi vinavyofuata.

Na ilionekana. Kabla ya nyigu hao kuachiliwa, takriban viwavi 14 kati ya 100 ndio waliokuwa wakishambuliwa na nyigu wa kienyeji. Mwaka wa tatu baada ya hapo, zaidi ya nusu ya viwavi walikuwa na buu la nyigu ndani yao, na idadi ya viwavi kwa kila mche ilishuka kutoka zaidi ya 5 hadi chini ya 1.

Hata hivyo, *Diadegma* ni wa nyanda za baridi. Joto kali humdhoofisha. Kwa maeneo yenye joto, icipe ilimchukua nyigu mwingine, *Cotesia*, kutoka Afrika Kusini.

Tatizo linalobaki ni vidukari, ambao nyigu hawa hawawagusi. Mkulima akiwapigia vidukari sumu inayoua kila mdudu, nyigu hufa na viwavi hurudi. Viwavi wakizidi, dawa ya bakteria aina ya Bt inafaa zaidi, kwa kuwa humwua kiwavi anayeila na kumwacha nyigu hai.