Sesheni ibebe namba tu

Chukua mfumo wa kurekodi mauzo ya pamba wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, pale Sola mkoani Simiyu. Asubuhi karani anaandika jina na nywila, mfumo unamtambua, na kuanzia hapo anaingiza kilo za mkulima mmoja baada ya mwingine bila kuulizwa tena yeye ni nani. Saa nne uongozi unamvua ukarani. Saa sita mchana bado anaingiza kilo. Mfano ni wa kubuni, lakini kasoro yenyewe ipo kweli katika mifumo mingi inayoandikwa kwa lugha ya PHP: alipoingia, msimbo uliweka cheo chake ndani ya sesheni, yaani kumbukumbu ya muda ambayo seva humwekea mtumiaji, kisha ukaendelea kukiamini.

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni la mgeni. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, maandishi mafupi ambayo seva inayaacha kwenye kivinjari na kivinjari kinayarudisha kwa kila ombi linalofuata. PHP 4, mwaka 2000, ikaja na sesheni zake yenyewe. Kuki iitwayo PHPSESSID hubeba herufi na tarakimu zisizokisika. Data zenyewe hubaki kwenye seva, kwa kawaida katika faili ambalo jina lake huanza na sess_. Fungua faili la karani wetu, ndani utakuta mstari huu:

mtumiaji_id|i:417;cheo|s:6:"karani";

Sehemu ya kwanza inatosha. Namba 417 haibadiliki, na haimwambii kitu mtu atakayeichungulia. Cheo ni nakala iliyochukuliwa asubuhi, na hakuna anayekuja kuisahihisha mambo yakibadilika kwenye hifadhidata. Kwa hiyo kila ombi linapofika, soma 417 kutoka kwenye sesheni, kisha uliza hifadhidata: huyu bado yupo, bado ni karani? Wapo wanaohofia kwamba swali hilo litaelemea seva. Kutafuta safu moja kwa ufunguo wake mkuu ni kazi nyepesi mno, na mfumo wa chama cha msingi hautaona tofauti.

Nimeona pia sesheni zilizojazwa rekodi nzima ya mtumiaji: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu, hata nywila. Hapo sikubaliani na mtu yeyote. Kwenye seva za bei nafuu zinazobeba tovuti nyingi pamoja, faili hizo zinaweza kuwekwa mahali ambapo msimbo wa tovuti jirani unafika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za mkulima zinalindwa nayo hata zikiwa ndani ya faili la muda.

Namba ya sesheni, ile inayobebwa na PHPSESSID, nayo ni ufunguo. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, programu iliyomwezesha mtu yeyote kwenye Wi-Fi ya wazi kunasa kuki za wenzake na kuingia katika akaunti zao bila nywila. Dawa yake ni HTTPS kwenye kurasa zote, na kuki yenye alama ya Secure. Tena, mtumiaji akishathibitishwa, ita session_regenerate_id(true), ili namba aliyokuwa nayo kabla ya kuingia isimfae mtu aliyempandikizia.

Hatari nyingine ni kompyuta ya pamoja. Mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kama katika miji mingine, watu wengi huombea mikopo ya elimu ya juu ya HESLB na ajira kwenye kompyuta za steshenari. Pale kivinjari hakifungwi kutwa nzima, kwa hiyo kuki inayotakiwa kufa kinapofungwa haifi. Sekunde 1440 za PHP, yaani dakika 24, nazo si za kutegemea: huo ni umri ambao faili lisiloguswa linaruhusiwa kufagiliwa, na ufagio hupita kwa kubahatisha. Andika wewe mwenyewe ndani ya sesheni saa ya tendo la mwisho, na ukimya ukizidi dakika kumi au kumi na tano, mtoe. Mtu akibonyeza "Toka", futa sesheni kwenye seva. Ukifuta kuki peke yake, mtu aliyekwisha kuinakili ataendelea kuitumia.