Sikinde na hesabu ya kupishana

Mwimbaji na tarumbeta hugombea nafasi moja. Wote wawili wana nguvu kwenye masafa ya katikati, pale sikio la binadamu linapokuwa jepesi zaidi. Mwimbaji akisimama mbele ya safu ya tarumbeta na saksafoni bila mpango, ameshashindwa kabla hajafungua kinywa. Mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald alipoingia studio na bendi ya Count Basie mwaka 1963 kurekodi Ella and Basie!, Quincy Jones ndiye aliyepanga nani apige lini. Dar es Salaam, mzigo huo aliubeba Michael Enoch, "King", wa Mlimani Park Orchestra, tena kwa vifaa haba.

Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo, ilianza mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na safari za kwenda Nairobi kurekodi santuri zikawa ngumu. Tegemeo likawa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Pale wimbo ulirekodiwa kwa mkupuo: waimbaji, magitaa, tumba, drams na wapuliza ala wote kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Fundi mitambo hakuwa na njia ya kuipunguza tarumbeta baadaye ili mwimbaji Hassan Bitchuka asikike. Mizani ilibidi iwe imekamilika tangu mazoezini.

Dawa yao ilikuwa kupishana.

Sikiliza Neema, wimbo wa Sikinde uliotungwa na Cosmas Chidumule. Penye ubeti, neno ndilo linalotawala. Gitaa la rithimu halikomi, lakini linatembea juu, kwa mikato mifupi, halimkanyagi mwimbaji. Gitaa la solo linadonoa pale mwimbaji anapovuta pumzi. Tarumbeta na saksafoni zinasubiri ubeti umalizike, zinasema yao, zinatoka. Chemko, sehemu ya mwisho ya kuchezea, likifika, maneno yanapungua, waimbaji wanageuka waitikiaji, na wapuliza ala wanapewa uwanja waliokuwa wakiusubiri. Santuri ndogo ingeukata wimbo wa aina hii vipande viwili, upande A na upande B. Utepe wa redio uliuacha utembee hadi mwisho, na watunzi waliitumia nafasi hiyo kusimulia kisa kizima.

Hata sauti za waimbaji zilipangwa kwa hesabu hiyohiyo. Muhiddin Gurumo alikuwa na sauti nzito, Bitchuka nyembamba ya juu. Wakiimba pamoja hawazibani.

Faida ya mpango huo ilionekana zaidi mbali na studio. Ilagala, karibu na Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Wimbo ulifika huko kwa mawimbi ya redio, ukatokea kwenye spika isiyozidi upana wa kiganja. Spika ya namna hiyo haitoi besi. Drams zinabaki mchakacho tu. Betri zikichoka, hata zikianikwa juani zipate uhai kidogo, kinachosalia ni sauti ya mtu na rithimu. Muziki wa kurundika ala ungemfikia msikilizaji kama kelele. Wa Sikinde ulimfikia na kisa chake, nani kampenda nani na majirani wamesema nini.

Magitaa ya bendi hii husifiwa sana, na kwa haki. Ila ukimya wa wapuliza ala wakati wa ubeti unastahili sifa hiyohiyo, maana kumshika mtu wa tarumbeta asipulize ni kazi.

Mpango wenyewe una udhaifu, na CD ya Sikinde iliyotolewa Marekani na kampuni ya Africassette katika miaka ya 1990 inauweka wazi. Ndani ya chemko, waitikiaji na tarumbeta wakikutana kwenye pigo moja, maneno humezwa, na hakuna fundi anayeweza kuyatoa tena. Hasara si kubwa: wakati huo mwenye kusikiliza maneno ameshanyanyuka kucheza.