Chururu si Ndondondo: Idadi Iliyomo ndani ya Kitenzi

Wahenga walisema: "Chururu si ndondondo." Aghalabu methali hii hutajwa katika mazungumzo ya akiba na matumizi, mimi huiona pia kuwa kanuni ya lugha. Kichururikacho hakihesabiki, kidondokacho huhesabika, tone baada ya tone. Tofauti hiyo imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Niliisahau kanuni hii nilipokuwa nikifasiri shairi fupi la Kiingereza juu ya jani moja lianguakalo. Katika lugha ile kitenzi kimoja chatosha, liwe jani au yawe majani. Nikaandika: "Jani linapukutika." Mizani 8 kamili, na kina kimekaa mahali pake. Nikaridhika, hata nilipopita chini ya mkungu hapa kwetu Pemba, ardhi imejaa majani mekundu. Hayo ndiyo yaliyopukutika. Jani moja halipukutiki, hudondoka.

Kosa langu halikuwa la upatanisho wa kisarufi. Kiambishi "li-" kilikuwa sahihi. Idadi niliyoikosea haikai katika kiambishi, bali katika mzizi. Ndiyo maana twasema "umati ulitawanyika": kiambishi ni cha umoja, lakini watu ni wengi, na kitenzi kinaridhika. Twasema pia "mti umepukutika", kwa kuwa mti ni mmoja na majani yake mengi. Bali "mgeni alitawanyika" humshangaza msikilizaji. Hali kadhalika, chozi hudondoka, machozi humiminika.

Jambo hili si letu peke yetu. Waliosoma sarufi ya Kiarabu wanajua kwamba "kasara" ni kuvunja, na "kassara", kwa kukaza herufi ya kati, ni kuvunjavunja. Wao hukaza herufi, sisi hurudia neno. Maana ni ile ile ya tendo kuwa vipande vingi.

Wahakiki wetu wanapopima shairi huhesabu vina na mizani, nao wanafanya vyema. Lakini shairi laweza kutimiza hesabu hiyo na bado likadanganya. Watu wakipukutika, msikilizaji hufikiri vita au maradhi ya mlipuko. Shairi nililolifasiri lilikuwa la msiba wa mtu mmoja, nami kwa neno moja nilikuwa nimemzika katika kaburi la halaiki. Vivyo hivyo, atungaye "tumeachana" amegawa lawama kwa wawili. Atungaye "ameniacha" amemtwisha mmoja.

Sisemi kwamba mshairi amefungwa. Mjane akisema "nimetawanyika", hakuna atakayemsahihisha: yu mmoja, na amekuwa vipande. Hapo kanuni imevunjwa kwa makusudi, na uchungu umepatikana katika kule kuvunjwa. Lakini avunjaye sharti aijue. Mimi sikuvunja, nilijaza mizani tu.

Na mizani haikunilazimisha. "Majani yapukutika" ni 8. "Jani moja ladondoka" ni 8 vilevile, na kina ni kile kile. Bahari ya ushairi wetu ina nafasi ya yote mawili. Kilichokosekana ni mimi kujiuliza ni mangapi yaliyoanguka.

Nimeufuta mshororo ule. Sasa jani linadondoka, peke yake, kama lilivyokufa.