Tahajia na Kipimo cha Akili

Miongoni mwa mazoea yaliyokita mizizi katika ofisi zetu, katika shule zetu, na hata miongoni mwa watu wanaojihesabu kuwa walinzi wa Kiswahili, ni zoea la kupima akili ya mtu kwa tahajia yake. Barua ikifika yenye neno "luhusa" mahali pa "ruhusa", au "abari" mahali pa "habari", msomaji hutabasamu, hutikisa kichwa, na pengine huiweka kando kabla hajajua mwandishi anataka nini. Siku hizi, ambapo watu wengi huandikiana kwa simu za mkononi, hukumu hiyo hutolewa upesi zaidi. Katika makala haya twakusudia kuichunguza: je, ina msingi katika lugha yenyewe, au ni majivuno ya waliobahatika kusoma?

Tuanze na historia ya maandishi yetu. Kwa karne kadhaa Waswahili waliandika lugha yao kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Hivyo "i" na "e" zilitumia alama moja, na "u" na "o" vivyo hivyo. Kiarabu hakina sauti "p", na kwa sababu hiyo waandishi wengi waliitumia herufi ya "b" kwa sauti zote mbili. Msomaji aliyeijua lugha alilipata neno kutokana na maana ya ubeti, vina vyake na mizani yake. Katika hati za namna hiyo ndimo ulimohifadhiwa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika visiwa vya Lamu katikati ya karne ya 19. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba mama yule alipungukiwa na akili kwa kuwa hati ya zama zake haikutenganisha irabu?

Tahajia tuiitayo sanifu ni changa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Manufaa yake hayana ubishi, kwani kitabu kimoja kiliweza kusomwa Unguja, Tanganyika, Kenya na Uganda. Walakini kila uchaguzi huacha kitu nyuma. Mtu wa Mvita hutofautisha kwa pumzi "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni, "kaa" la moto na "kaa" wa baharini. Tahajia sanifu haimwoneshi tofauti hiyo. Kumbe tahajia ni mapatano ya watu, na mapatano hujulikana kwa kufundishwa. Asiyefundishwa hatayajua, hata akiwa na hekima ya Lukmani.

Kadhalika, wengi wetu tulizaliwa katika lugha nyingine kabla ya kukutana na Kiswahili. Kisukuma kina sauti "l" na hakina "r"; Kigikuyu, kinyume chake, kina "r" na hakina "l". Aandikaye "balua" na aandikaye "kurara" wote wawili wanafuata kanuni, ila ni kanuni ya lugha ya mama. Zaidi ya hayo, wataalamu wa elimu wanatambua hali iitwayo disleksia, ambayo humtatiza mtu katika kusoma na kuandika ingawa akili yake ni timamu kabisa.

Sasa tuchukue mfano. Mkulima wa pamba aandika hivi: "Mwezi wa saba nilipeleka pamba kilo 200. Nimelipwa nusu. Balua hii ni ya tatu. Nani amesaini kwa jina langu, na kwa luhusa ya nani?" Karani aliyezoea kuhesabu makosa atayaona mawili. Msomaji makini ataona mwezi, uzito, malipo, idadi ya barua, na swali ambalo mwenye hatia hawezi kulikwepa. Huo ndio mpango wa fikra, na hapo ndipo akili ya mwandishi inapoonekana. Jibu la ofisini likimjia safi kwa kila nukta, lakini likisema tu kwamba suala lake "linashughulikiwa ipasavyo", basi huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisi washairi tuna sababu ya pekee ya kunyamaza kidogo kabla ya kuwacheka wengine. Tukilikata neno ili mizani itimie, twaita inkisari. Tukilirefusha, ni mazida. Tukiibadili silabi ya mwisho kwa ajili ya kina, ni tabdila. Na tukiupindua mpangilio wa maneno, wahakiki husema kwa upole kwamba tumeboronga sarufi kwa ruhusa ya ushairi. Tendo lile lile akilitenda mkulima, huitwa ujinga.

Hata hivyo, hatusemi kwamba makosa hayana madhara. Atangazaye "mahari pa mkutano" amewaita watu kwenye posa. Aandikaye "haki ya kula" akikusudia kura amebadili dai zima la raia. Tahajia ni heshima kwa msomaji, na yafaa ifundishwe kwa bidii. Lakini lawama ifuate nafasi aliyoipata mtu. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka iliyofuata wazee kwa vijana walikaa chini ya miti na katika madarasa ya jioni, mikono iliyozoea jembe ikajifunza kushika kalamu. Shabaha ilikuwa wapate kusema mambo yao kwa maandishi. Tukizikataa barua zao, au za watoto wao, kwa sababu ya "r" na "l", tutakuwa tumewapa kalamu na kuwanyima masikio. Ofisa aliyelipiwa shule na umma, akaandika ovyo kwa uvivu, ndiye anayestahili kukemewa.

Kwa hiyo twawausia walimu, wahariri na watumishi wenzetu: barua isomwe kwanza kwa ajili ya maana yake, na kalamu nyekundu ifuate baadaye. Mwenye kukosea herufi asahihishwe bila kebehi, na neno lake lijibiwe.