Kiambishi sub-: Si Kila Mara ni "Nusu"

Miongoni mwa viambishi vya Kilatini vinavyowatatiza watafsiri wetu ni sub-. Maana yake ya asili ni "chini ya", lakini kila taaluma imekitumia kwa haja yake. Kasoro tunayotaka kuionyesha ni ile ya kukifasiri kwa neno "nusu" popote kinapotokea.

Tuchukue mifano kutoka Mkoa wa Mara. Nyamera wa Serengeti huitwa na wataalamu Damaliscus lunatus jimela. Neno la tatu hutaja kundi lililomo ndani ya spishi, na baadhi ya waandishi huliita kundi hilo "nususpishi". Lakini spishi moja yaweza kuwa na makundi matatu au zaidi ya namna hiyo. Je, ni nusu ngapi zitakazofanya kizima? Aidha, "nusu" ina kazi yake tayari katika "nusujangwa", ambamo hufasiri kiambishi kingine, semi-. Sisi twapendelea "spishi ndogo", kwa mfano wa "kamati ndogo" na "kifungu kidogo", ambamo udogo ni wa ngazi, si wa kimo.

Hata hivyo, "ndogo" nayo haifai kila mahali. Watu wa umeme hawakujali kiambishi hata kidogo: walitazama kazi ifanyikayo, wakasema "kituo cha kupooza umeme". Walifanya vema.

Hatari kubwa zaidi imo katika habari za ardhi. Kwa bwana shamba wa Tarime, "udongo wa chini" ni tabaka lililo chini ya udongo wa juu, ambalo mizizi yaweza kulifikia. Kwa mwanasheria, jambo ni jingine. Huko Nyamongo, uchimbaji wa dhahabu chini ya ardhi katika mgodi wa Gokona ulianza mwaka 2015. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huhesabu kilicho chini ya uso wa nchi kuwa ardhi, ila madini na mafuta ya petroli. Mtafsiri akiandika "udongo wa chini" katika hati ya fidia, mkulima hatajua kama kinachosemwa ni rutuba ya shamba lake au mwamba wenye dhahabu. Katika sheria yafaa kuandika "chini ya uso wa ardhi".

Kwa hiyo, kabla ya kukitafutia sub- kisawe, mtafsiri hana budi kujiuliza: chini ya nini, sehemu ya nini, au kwa kazi gani? Jibu litatoka katika taaluma inayohusika, wala si katika kiambishi chenyewe.