Neno «Mpagani»: Limetoka Wapi, na Linasema Nini?

Katika vijiji vyetu vya Ituri neno «mpagani» halikauki midomoni. Huku Marabo, katika njia itokayo Bunia kwenda Komanda, utalisikia juu ya mzee asiyebatizwa, juu ya Mkristu aliyeacha Misa, juu ya kijana mlevi, hata juu ya mtoto asiyewaamkia wakubwa. Neno moja, watu wane, na watu hao hawafanani. Ukiuliza maana yake, wengi watakujibu: mpagani ni mtu asiyemjua Mungu. Sisi twasema jibu hilo halisimami, na Kilatini chenyewe ndicho shahidi wetu.

Wamisionari walituletea neno hili toka Kilatini: paganus. Sisi tuliliongezea m- na wa- kama maneno yetu mengine, likawa mwenyeji. Mzazi wake ni pagus, ni kusema sehemu ya inchi iliyo nje ya mji, vijiji pamoja na mashamba yao. Wenye elimu ya lugha wanaliunga na tendo pangere, maana yake kukaza, kusimika. Kwani mipaka ya inchi ilisimikwa kwa vigingi. Basi paganus wa kwanza ni mwanakijiji tu. Hakuna dhambi ndani ya jina lake, wala sanamu.

Baadaye askari wa Roma walilishika neno hili kwa namna yao. Kwao paganus ni raia, mtu asiyechukua silaha. Tertulliano wa Kartago, mwaka wa 211 hivi, alilitumia kwa maana hiyo alipoandika juu ya askari Mkristu: mbele ya Kristu, askari na paganus, yaani raia, wanadaiwa imani ile ile. Mbele yake, basi, Mkristu mwaminifu aliweza kuitwa paganus bila kutukanwa!

Ni katika karne ya nne tu neno lilipogeuka kuwa jina la watu wasio Wakristu. Sababu gani? Orosio, padri wa Hispania aliyeandika mwaka wa 417 hivi kwa maombi ya Mtakatifu Agustino, anasema ni kwa sababu watu hao walikuwa wa njia-panda na vijiji vya mashambani. Wengine wanasema: Wakristu walijiita askari wa Kristu, basi aliye nje ya jeshi ni raia. Mwaka wa 1952 Christine Mohrmann, mwalimu wa Kilatini cha Wakristu, alionyesha njia ya tatu: paganus ni mtu wa nje, asiye wa kundi letu.

Neno la Orosio linarudiwa sana katika vitabu, lakini lipimwe. Mwaka wa 112 hivi, Plinio, mtawala wa Bitinia, alimwandikia Kaisari Trayano kwamba imani ya Wakristu imekwisha kuingia si miji tu, bali vijiji na mashamba pia. Na mwaka wa 384 ni Simako, mkubwa wa mji wa Roma wenyewe, aliyeomba altare ya mungu wa kike wa Ushindi irudishwe katika baraza la wakubwa. Hivi palikuwa na Wakristu kijijini na waabudu miungu mjini. Orosio anatueleza jinsi watu wa mjini walivyowatazama wanakijiji. Hatuelezi imani ilikaa wapi. Ni dharau ya mjini iliyovaa kanzu ya elimu.

Dharau hiyo iliacha alama katika lugha za Ulaya. Toka pagus Wafransa wanalo pays, inchi, na paysan, mlimaji. Toka paganus wanalo païen. Waitaliani wanasema paese na pagano, Wahispania país na pagano. Ni watoto wa ukoo mmoja: mmoja anaheshimiwa, mwingine anatengwa. Waingereza wanalo pagan, na kwa njia ya Kifransa peasant, mlimaji. Wadachi hawakukopa neno, lakini wanasema Heide, na neno hilo hilo linataja pori pamoja na mtu asiye Mkristu. Kwa Waslavi lilianguka chini zaidi: kwa Kirusi poganyi ni kichafu, na kwa Kiukraine pohanyi ni kibaya tu. Limetoka shambani, likaishia jalalani.

Kwetu lilipita njia iliyo karibu na hiyo. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, watu wa mjini waliosoma waliitwa évolués, na watu wa kijijini waliitwa basenji. Masikioni mwa wengi «mpagani» na «musenji» yalikuwa mapacha. Mtoto aliyesikia babu yake akiitwa mpagani alisikia mambo mawili pamoja: babu hakubatizwa, na babu si mtu kamili. La kwanza ni kweli; la pili ni uongo, na Injili hailijui.

Kanisa lenyewe limesahihisha kinywa chake. Sala ya Ijumaa Kuu iliyosema «pro paganis» ilibadilishwa. Misale ya mwaka wa 1970 inawaombea wale wasiomwamini Kristu. Konsilio ya pili ya Vatikano, katika andiko Ad Gentes la mwaka wa 1965, inatutuma kuzitafuta kwa furaha mbegu za Neno katika desturi za mataifa. Mwenye kutafuta mbegu haanzi kwa kulitukana shamba.

Wengine watasema: mkiliondoa jina, mtaondoa na haja ya ubatizo. Sivyo. Ubatizo unabaki mlango, na mwalimu ana kazi ya kuwaita watu waingie. Mwenye Heri Anuarite alizaliwa Wamba mwaka wa 1939 katika jamaa isiyobatizwa. Tarehe 1 desemba 1964 alimwaga damu yake Isiro kwa ajili ya Kristu. Nyumba waliyoiita ya wapagani ndiyo iliyotulelea shahidi. Na vita vya Ituri, vilivyowaka toka mwaka wa 1999, vilituonyesha waliobatizwa wakiinua panga juu ya waliobatizwa. Siku zile raia asiye na silaha, yule paganus wa Warumi, ndiye aliyekimbilia porini pamoja na watoto.

Kwa hiyo twawashauri wenzetu, mafratri na walimu wa katekisimu. Katika masomo ya historia neno na likae, pamoja na maelezo yake. Katika mafundisho na mahubiri tuseme wazi tunachotaka kusema: huyu hajabatizwa bado, huyu ameacha sala, huyu ni mlevi. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa haipatikani kama magonjwa yote yanaitwa jina moja. Tena tukumbuke ya kuwa, kwa Kilatini cha zamani, Mkristu wa Marabo anayepalilia muhogo wake ni paganus halisi, na katekista wake naye pia.