Magurudumu ya Mafundi Saa

Mvuvi wa mshipi wa pwani yetu hana haja ya gurudumu. Mshipi wake kauzungushia kipande cha mti au chupa ya plastiki, kiganja ndicho kinachopima uzito wa changu, na kidole ndicho breki. Ndiyo maana naelewa mshangao wa mtu anayesikia kwamba Uingereza na Marekani wako watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaomaliza Jumamosi zao minadani wakisaka rili, yaani magurudumu ya kukunjia mshipi, yaliyotengenezwa miaka mia na zaidi iliyopita. Wengi wao hawana hata nia ya kuyatia majini. Wanachotaka ni kuyajua: hili kalitengeneza nani, mji gani, mwaka gani, na kwa nini skrubu zake zina vichwa vya namna hii?

Mimi nausifu huo ujuzi wa kutambua. Kununua tu ni kazi ya mwenye fedha, na mwenye fedha hahitaji sifa zangu. Lakini mtu anayeokota rili chafu isiyo na maandishi, akaigeuza mara mbili mwangani, akakwambia imetoka mji fulani na muongo fulani, huyo ni msomaji. Na anachokisoma, kwa jinsi ninavyoona, ni kazi iliyokuwa ikifanyika katika mji ule kabla ya mtu yeyote kufikiria samaki.

Chombo chenyewe ni cha kale. Mchoraji wa Kichina Ma Yuan, katika picha inayokadiriwa kuwa ya mwaka 1195, alimchora mvuvi peke yake juu ya mashua, na kwenye ufito wake pana gurudumu dogo. Wakusanyaji huitaja picha hiyo kwa heshima, kisha huiacha, kwa sababu hakuna gurudumu la zama zile wanaloweza kulishika. Hadithi yao huanza Kentucky, Marekani.

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji mdogo uitwao Paris (Paris ya Kentucky, si ile ya Ufaransa), aliishi George Snyder, fundi saa na sonara, tena mpenda uvuvi. Samaki wa mito ya kule ni besi mweusi, na chambo anachokipenda ni kisamaki hai. Chambo hicho ni chepesi, nacho kinatakiwa kitupwe mbali bila kuchanika. Kwa hiyo bobini inayobeba mshipi lazima izunguke kwa wepesi, na wakati wa kuvuta lazima ikunje haraka kuliko mkono unavyoweza kuzungusha. Snyder alifanya alichokijua: aliweka gia ndogo kama za saa, mzunguko mmoja wa mkono ukawa mizunguko kadhaa ya bobini. Baadaye mafundi wa Kentucky walizoea hesabu ya moja kwa nne.

Waliomfuata walikuwa watu wa ufundi uleule. Huko Frankfort, ndugu wawili, Jonathan na Benjamin Meek, walitengeneza saa na vyombo vya fedha, na pembeni wakatengeneza rili. Mwanafunzi wao Benjamin Milam alikuja kuwa fundi mkubwa kwa jina lake mwenyewe. Bamba na nguzo za rili zao ni za shaba ya njano, au za ile iitwayo fedha ya Kijerumani, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki usio na chembe ya fedha ndani yake. Kila kitu kilikatwa kwa mkono, hata nyuzi za skrubu. Na kwa kuwa nyuzi za mkono hazifanani, skrubu moja haingii sawasawa katika tundu la mwenzake. Basi fundi aligonga namba ndogo kwenye skrubu na namba hiyohiyo penye tundu lake. Mtambuzi akikuta skrubu ya tatu imekaa kwenye tundu la tano, anajua kwamba kuna mtu aliwahi kuifungua rili hii akiwa na haraka. Akikuta skrubu isiyo na namba kati ya zenye namba, anajua kuna iliyopotea. Sijui chombo kingine cha starehe kinachoweka kumbukumbu ya uzembe wa waliokishika kwa uaminifu kama huu.

Utadhani muhuri wa jina unamaliza ubishi. Haumalizi. Kuna rili zenye muhuri wa ndugu wote wawili, kuna za Meek na Milam, kuna za Milam peke yake, na kuna za Benjamin Meek na wanawe baada ya kuhamia Louisville. Kisha mwaka 1916 kampuni ya Horton ya Bristol, Connecticut, ikalinunua jina hilo na kuendelea kuligonga kwenye rili za kiwandani. Jina ni lilelile, mikono siyo. Huko New York hali ilikuwa ngumu zaidi, maana duka kubwa la vifaa vya uvuvi kama Abbey & Imbrie liliweza kuuza kwa jina lake rili zilizotengenezwa na Julius vom Hofe wa Brooklyn. Zake nyingi, zenye mabamba ya mpira mgumu mweusi, zimegongwa tarehe za hataza za 1885 na 1889, na hapo ndipo wageni wa kazi hii huteleza: huisoma tarehe ya hataza kana kwamba ni siku rili ilipozaliwa. Tarehe ile inasema jambo moja tu, kwamba rili si ya kabla ya hapo. Ilivyo baada ya hapo, lazima uiulize rili yenyewe.

Ng'ambo ya bahari, Nottingham, rili zilikuwa za mbao. Mto Trent una mkondo wa kubeba chelezo mbali, na wavuvi walitaka bobini inayozunguka yenyewe kwa nguvu ya maji. Ule ulikuwa mji wa lesi, na husimuliwa kwamba wazo lilitoka kwenye bobini za mashine za lesi. Liwe kweli au hadithi ya baa, kazi ya mkerezaji inaonekana wazi kwenye mjozi uliolainishwa. Mbao hupinda zikilowa, kwa hiyo mgongoni waliweka nyota ya shaba ya kuzizuia. Huko Bradford, mji wa viwanda vya sufu, Alfred Illingworth aliona uzi ukichomoka kwenye ncha ya pirni (bobini ya uzi wa kufumia) iliyotulia, bila pirni kuzunguka. Mwaka 1905 akaandikisha hataza ya rili ambayo bobini yake imesimama na mshipi ndio unaochomoka. Rili nyingi nyepesi zinazouzwa madukani leo zimetokana na wazo hilo la kiwandani.

Nao ndugu Hardy wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, walianza mwaka 1872 kwa kutengeneza bunduki. Rili yao maarufu, Perfect, ilitoka mwaka 1891 ikiwa na gololi ndani, katika zama ambazo baiskeli ilikuwa imewafundisha watu wote faida ya gololi. Ukiitoa bobini, mara nyingi utakuta ndani ya fremu herufi moja au mbili zimegongwa. Hizo ni herufi za jina la fundi aliyeiunganisha. Mnunuzi hakutarajiwa kuziona. Zilikuwa za ndani ya karakana, ili mwenye kosa ajulikane, na leo wakusanyaji wanajua tabia za mafundi waliokufa zamani kwa herufi hizo: huyu alilainisha kingo, yule aliharakisha.

Perfect nyingi za zamani zilipakwa rangi nzito ya kijivu ili zisimetemete na kutisha samaki. Kila mwaka kuna mrithi mwenye nia njema anayechukua chupa ya Brasso na kuisugua rangi ile mpaka chuma king'ae kama sahani ya harusi. Mtu wa namna hii simwonei huruma. Kafuta kwa saa moja ushahidi uliodumu karne nzima, na kaiteremsha bei kwa mkono wake mwenyewe.

Rili za Alnwick si ngeni kabisa kwetu. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905 na kupandikizwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, na walowezi waliowavua walikuja na fimbo na rili za Kiingereza. Mtu wa Nyeri au Nanyuki akikuta duara zito la kijivu katika sanduku la vyuma chakavu, asikimbilie kuliuza kwa kilo.

Kwa anayetaka kuanza, ningemwelekeza kwenye rili zilizotengenezwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambazo bado zinapatikana kwa bei ya kawaida. Mitchell 300 ilitengenezwa Cluses, Ufaransa, katika bonde la watengeneza saa, na ukifungua kifuniko chake hutahitaji kuambiwa. Ambassadeur ya Svängsta, Sweden, iliyoanza mwaka 1952, ilitoka katika kiwanda kilichoanza na saa kisha mita za teksi. Zile za baadaye zina namba chini ya mguu, na tarakimu mbili za mwanzo mara nyingi ni mwaka. Bisibisi ndogo, karatasi nyeupe ya kupangia vipande, na lenzi ya sonara vinatosha. Panga vipande kwa utaratibu ulioviondoa, na usilazimishe skrubu yoyote isiyotaka kuingia. Huenda si tundu lake.